Bonyeza Sifuri, Utampata Shamimu

Jumatatu, 16 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa kalamu nyekundu kwa sababu ya bluu ameiazima Godfrey wa meza ya pili, na mimi nimeshindwa kumwambia anirudishie.

Mtambo wa simu umeharibika. Mtambo wangu! Si wangu wa kununua, ni mali ya Umoja wa Wakulima wa Bondeni, hapa Korogwe, ninakojitolea tangu nimalize kidato cha sita nikingoja matokeo. Lakini ni mimi niliyesoma kitabu chake cha maelekezo, kurasa mia na nne za Kiingereza kitupu, nikaufunga mwezi uliopita kwa mikono hii. Na sauti iliyomo ndani ni yangu. Mkulima akipiga simu anasikia: Shikamoo. Hapa ni Umoja wa Wakulima wa Bondeni. Kwa bei za mazao, bonyeza moja. Kwa mbegu na dawa, bonyeza mbili. Kwa bwana shamba, bonyeza tatu. Kwa mapokezi, bonyeza sifuri. Shikamoo nimeiongeza wiki iliyopita kwa sababu wanaopiga karibu wote ni watu wazima. Sikulelewa porini.

Sasa niwe mkweli, maana daftari hili halina msomaji. Mapokezi ni mimi, Shamimu. Na mimi simu siwezi. Nikisikia tu mtu anapumua upande wa pili, nakata. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na leo nanyamaza vizuri kwa lugha zote mbili. Ndiyo maana nilimshawishi Mzee Mhina, katibu wetu, anunue mtambo. Nilimshawishi kwa barua. Meza yake iko hatua nne kutoka kwangu.

Sifuri niliisema mwisho kabisa, haraka, kwa sauti ya chini. Kitabu kilishauri kwamba mpigaji asiyeeleweka apelekwe mapokezi. Nilikikatalia. Nimeupanga mtambo uanze upya. Mwezi mzima watu watatu tu wamenifikia, na mmoja alikuwa anatafuta duka la tairi.

Leo asubuhi Mzee Mhina kaniita. Wakulima wanalalamika. Wanabonyeza mbili, mtambo hauelewi, unaanza upya. Wengine wanabonyeza mbili wanatupwa kwa bwana shamba. Kasema mlio wa vitufe unafika umechakaa, kama redio inayoishiwa betri. Kanipa mpaka Ijumaa. Ikishindikana, mtambo unarudi kwenye boksi lake, na kila simu nitaipokea mwenyewe, kwa mdomo wangu, "kama ofisi zilivyokuwa zamani, binti, na hakuna aliyekufa."

Simu arobaini kwa siku! Mimi nitakuwa wa kwanza kufa.

Jumanne, 17 Juni

Ukurasa wa sabini na moja: Mlio Uliopotoka. Sababu tatu. Sauti imezidi, waya mbovu, au kelele karibu na mtambo. Nikafurahi. Kitu chenye sababu tatu kinamalizika kwa siku tatu.

Nikaanza na sauti. Nikaipunguza. Kufika saa nne Mzee Mhina kasimama mlangoni na simu yake ya mkononi, kasema mjumbe wa Mombo anauliza yule binti wa kwenye simu amefunikwa na mtungi au vipi. Nikairudisha.

Kelele, basi. Kelele ya ofisi hii ina jina, na jina lake ni Bi Justa. Ndiye mama wa stoo ya mbegu na dawa, ukuta mmoja na mtambo, na redio yake haizimwi tangu asubuhi mpaka jioni. Mtu wa kawaida angemwendea akasema, mama, naomba punguza kidogo. Mimi nilingoja aende kunywa chai nikatoa betri.

Bi Justa kurudi, kaitikisa redio, kaipiga makofi mawili, kasema basi, hata wewe umenichoka. Halafu akaanza kuimba mwenyewe. Nyimbo za kwaya, zote, beti zote, na sauti ya pili juu. Redio ilikuwa na nafuu. Katikati ya wimbo na wimbo kalalamika kwamba tangu wiki iliyopita simu ya stoo hailii, hakuna anayeulizia hata punje, wakati huu ndio msimu wa dawa za kuhifadhia mahindi. Kauliza kama wakulima wamemsusia. Kaniangalia mimi. Nikaangalia kalenda.

Betri ninazo kwenye mkoba. Sijui nizirudishe vipi bila kusema kitu.

Ajabu moja. Mchana, Bi Justa akiwa amekwenda kula, nimejipigia mwenyewe mara kumi na moja kwa simu yangu. Nabonyeza mbili, inakwenda stoo. Nabonyeza tatu, inakwenda kwa bwana shamba. Safi kabisa! Godfrey naye kajaribu mara mbili: safi. Kwa hiyo mtambo ni mzima kwetu na mgonjwa kwa wakulima. Mashine haiwezi kuwa na ubaguzi hivyo. Kuna mkono wa mtu.

Na nikijiuliza nani anafaidi, napata jibu moja. Godfrey ndiye bwana shamba wetu wa kujitolea, mtoto wa Mazinde, babu yake alikata mkonge huko. Simu ikilia anaikimbilia kama aliyeitwa kula. Watu waliotaka mbegu wakitupwa kwake anawapokea kama wajomba zake. Usikonde mzee wangu, nakushughulikia. Usikonde mama. Anataka nionekane sifai. Au anataka simu zote ziwe zake. Kwa vyovyote, kesho nategesha.

Jumatano, 18 Juni

Nilichukua wanja wa Mama. Nikafika ofisini wa kwanza, nikapaka waya wa mtambo, mwembamba, hauonekani. Atakayeugusa atatoka na vidole vyeusi, na mbele ya macho ya wote atajulikana. Sikuhitaji kusema neno. Huo ndio uzuri wa mpango wenyewe.

Saa tatu Godfrey kaingia. Vidole safi. Saa nne, safi. Saa tano Mzee Mhina katoka ofisini kwake kumpokea diwani, na paji la uso lina mistari minne kama pundamilia, na kwenye kanzu yake nyeupe, pale tumboni anapopenda kujifuta, mkono mzima. Alikuwa amesogeza waya kuchomeka chaja yake.

Diwani kamwangalia. Mzee Mhina kamwangalia diwani. Godfrey ndiye aliyesema kwa upole, mzee, una mkaa kidogo hapa, akampa leso yake. Halafu, mzee alipokwenda kunawa, Godfrey kanisogelea kasema taratibu kwamba dada yake naye anatumia wanja wa aina hiyohiyo, una harufu yake, na kama ninataka asaidie kufuta waya niseme tu.

Sikusema. Akafuta hivyohivyo.

Anajifanya mwema. Wenye hila ndivyo walivyo.

Mchana, wazo jipya. Wanaolalamika wote ni wazee, na wazee wana vitochi, simu ndogo za zamani, batani zimefutika namba. Labda batani zilizochakaa zinatoa mlio uliochakaa! Nikakimbia nyumbani Manundu, nikaazima kitochi cha Mama, kile ambacho namba tano yake haipo, ni tundu tu. Nikapiga nacho ofisini. Nikanyamaza kama ninavyonyamaza siku zote. Nikabonyeza mbili. Stoo! Bi Justa kapokea kwa furaha, haloo, haloo, stoo hapa, karibu! Nikakata.

Nikasikia kupitia ukutani akisema, masikini, ilikuwa moja, nayo imekatika.

Leo sikula vizuri.

Alhamisi, 19 Juni

Nimejua.

Ukurasa wa tisini na sita, maandishi madogo chini kabisa: mtambo unahifadhi sauti ya kila simu iliyoshindikana. Saa kumi, wengine wameondoka kasoro Bi Justa, nikavaa spika za masikioni nikafungua. Kulikuwa na simu sitini na mbili. Nikachagua namba iliyojirudia kuliko zote. Siku saba mfululizo, kila siku.

Sauti yangu: Shikamoo.

Halafu bibi mmoja, sauti nyembamba, mzee hasa: "Marahaba, marahaba mwanangu! Hujambo? Wazazi hawajambo? Mimi Bibi Lea wa huku Mashewa. Huku tu wazima, mvua ndiyo imekata." Na mimi, yaani mtambo, ninaendelea na bei za mazao na mbegu na dawa, yeye anaendelea na habari za nyumbani, na chini kabisa ya maneno yake, umezama kama sarafu kwenye uji, mlio wa kitufe. Mbili. Alibonyeza mbili! Aliibonyeza huku anaongea. Mtambo ukasikia mlio na marahaba kwa pamoja, ukashindwa kutenganisha.

Ukaanza upya. Shikamoo.

"Marahaba tena, mwanangu."

Shikamoo.

"Marahaba. Mbona unarudia, mama? Una homa?"

Mara ya nne kaniuliza kama kazini wananipa chakula. Mara ya tano kaeleza shida yake yote kwa mashine: kavuna mapema, mahindi kayatia kwenye kihenge, dumuzi wameingia, akigusa punje inakuwa unga, na ndicho chakula chake na cha wajukuu watatu mpaka mwakani. Mara ya sita nilimwamkia tena. Halafu: "Marahaba, mjukuu wangu. Pumzika. Nitapiga kesho, labda utakuwa umepata nafuu."

Siku saba! Dumuzi hawapumziki.

Nikasikiliza wengine. Wote vilevile. Marahaba, hujambo, za hapo, mama hajambo. Nani mtu mzima ataamkiwa na mtoto aache kuitika? Mimi na Godfrey tukijaribu tulikuwa tunabonyeza kimya, vijana sisi, shikamoo ile haikutuhusu. Waya haukuwa na kosa. Redio haikuwa na kosa. Vitochi, Godfrey, hakuna mwenye kosa. Adabu yangu ndiyo iliyoharibu mlio.

Nikamwandikia Bibi Lea ujumbe mfupi wa simu, mzuri, wenye samahani tatu. Kabla ya kutuma nikakumbuka simu yake ya Jumapili: alisema miwani yake imevunjika na anayemsomea meseji yuko shule ya bweni. Nikaufuta.

Nikaandika maneno kwenye karatasi. Moja, salamu. Mbili, jina langu. Tatu, dawa. Nikasimama. Nikakaa. Nikanywa maji. Nikampigia kwa simu yangu.

Nikasema shikamoo, basi, nikakwama.

"Marahaba mwanangu! Umepona?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Nikasema nimepona, bibi. Akasema Mungu ni mwema, maana alikuwa amenitia kwenye sala. Halafu sijui ilikuwaje, tukaongea. Nilimwambia kuhusu dawa, nikamwita Bi Justa kutoka stoo, kaja mbio na kalamu sikioni, kamweleza achekeche kwanza, atoe unga wote, ndipo achanganye dawa, na kwamba pakiti zitapanda basi la Mashewa kesho asubuhi, kwa kondakta. Bi Justa alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kula pilau siku ya Idi, na hata si Mwislamu. Bibi Lea karudi kwangu. Kaniuliza nimesoma wapi, nasubiri nini, nani kanizaa, na akinitaka tena abonyeze ngapi; nikamwambia sifuri. Salio likaisha.

Dakika moja baadaye simu ya ofisi ikalia. Nikajua ni yeye, na nikajua mtambo unajiandaa kumwamkia mara ya arobaini. Nikairukia kabla haujafungua mdomo. Mimi! Kurukia simu!

Dakika ishirini na sita tumeongea, jumla. Sikufa. Lakini huyo ni mmoja, na alikuwa ameniombea. Wengine hawajaniombea. Mtambo lazima upone.

Betri za redio nimeziacha juu ya meza ya Bi Justa wakati anamwandikia kondakta jina la bibi. Kaziona, kazitia kwenye redio bila kugeuka, kasema panya wa siku hizi wana huruma.

Ijumaa, 20 Juni

Dawa imepanda basi saa moja na nusu. Nimeiona kwa macho.

Halafu nikamweleza Mzee Mhina kwa barua. Kaisoma mara mbili, kasema haiwezekani, mtu hawezi kuitika mashine. Kachukua simu yake kujaribu. Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua moja. Sauti yangu ikatoka kwenye simu: shikamoo. "Marahaba," akasema, na kidole kwenye mbili. Mtambo ukaanza upya. Marahaba, kasema tena. Kisha kaniangalia, kaiangalia simu, kasema kwa aibu kidogo kwamba shikamoo ya mtoto haiachwi ikaning'inia hewani, mdomo wenyewe unajiendea.

Kauliza kwa hiyo tuitoe. Nikataka kutikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo rahisi. Nikamfikiria Bibi Lea anafungua simu anasikia kwa bei za mazao bonyeza moja, hivihivi, kama ametukanwa. Nikaandika nyuma ya barua: tusiitoe, tungoje aitike.

Nikarekodi upya, chumba cha stoo, redio imezimwa kwa hiari ya mwenyewe. Godfrey kajitolea awe mkulima ili tujue tungoje kwa muda gani. Nikasema shikamoo, naye kwa sauti ya babu asiye na meno kaniitikia, kaniuliza mbuzi wangu mwenye mimba kazaa wangapi, kama mama mdogo karudi Mkata, na kwa nini sijaolewa. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Bi Justa naye. Tukapima: watu wa kawaida kwenye zile simu zilizohifadhiwa sekunde tisa, Godfrey dakika mbili. Tukaweka sekunde kumi na mbili. Baada ya hapo mtambo unasema: sisi hatujambo, ahsante. Sasa tafadhali usiseme kitu, bonyeza tu. Kwa bei za mazao...

Tukiwa tunakunja nyaya Godfrey kasema jambo. Kasema hata yeye anaogopa simu. Kila asubuhi anafanya mazoezi ya usikonde mzee wangu chooni, na mama mwenye nyumba anadhani ana matatizo ya tumbo. Sikumwamini. Mtu anayeogopa hawezi kuwa na sauti ile. Ila amenirudishia kalamu, kabla sijaomba.

Mchana simu thelathini na nne. Zote zimefika zilipotakiwa! Stoo ililia mpaka Bi Justa akakosa muda wa kunywa chai. Mzee Mhina kaweka mkono juu ya mtambo kama anapima homa, kasema, unakaa.

Nimepona. Sitaongea na mtu tena.

Jumamosi, 21 Juni

Si sawa! Si sawa hata kidogo!

Bibi Lea amepata dawa yake. Amewaambia watu sokoni, na kisimani, na kwenye basi. Amewaambia ndani ya simu ile kuna binti mzima kabisa, mwenye kuuliza hali, ukitaka kumpata bonyeza sifuri. Leo ni nusu siku na nimepigiwa mara kumi na tisa. Hawana shida! Wanataka kunijulia hali! Mzee mmoja kanibonyeza sifuri kunijulisha kwamba ng'ombe wake kapona, ng'ombe ambaye sikuwahi kuambiwa anaumwa. Nilijibu wote. Sijui nilivyojibu. Sauti iko kama ya jogoo.

Saa saba Mzee Mhina kaniita. Tawi la Handeni limesikia, nalo linataka mtambo. Jumatano kuna mkutano wa wajumbe wao, watu arobaini, na nani wa kuwaeleza unavyofanya kazi kama si mwenye sauti? Nikafungua mdomo nikatae. Hakikutoka kitu. Kwetu binti akinyamaza huhesabiwa amekubali. Kaandika jina langu kwenye ratiba, kapiga mstari chini.

Jumapili, 22 Juni

Nimelala nikiwa na huzuni, nimeamka nikiwa na akili.

Mpango: hotuba nzima nairekodi kwenye simu. Simu naificha mfukoni na kispika kidogo cha Godfrey, chini ya mtandio. Mbele ya wajumbe nasimama nachezesha midomo. Nani atajua? Watakaa mbali.

Asubuhi yote nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kufungua, kufunga, kufungua. Mama kapita na beseni la nguo, kasimama, kaniangalia muda mrefu. Kauliza ni jino? Ningemweleza, lakini maelezo ni marefu. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mama akaweka beseni chini. Masikini mwanangu, tangu lini, na huwa husemi! Akanishika shavu na mikono yenye sabuni. Kampigia mama mkubwa, mama mkubwa kampigia jirani yake anayefanya kazi hospitali, na sasa kesho saa mbili nina miadi ya kung'olewa.

Nilimfuata Mama uani nimwambie hapana, sina jino bovu hata moja. Nilifika mpaka kwenye kamba ya nguo. Pale ndipo nilipoona. Mtu aliyeng'olewa jino shavu linavimba, na mwenye shavu lililovimba haombwi kuhutubia. Si Jumatano, si wiki ijayo. Wala kwenye simu!

Nikamsaidia kuanika shuka.

Nimeshachagua. La juu kulia, la mwisho kabisa nyuma. Silitumii sana.